Vita na utawala wa Waingereza India: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi, walimu, na watu waliosikia habari za Gandhi lakini hawajui Waingereza waliingiaje India hapo mwanzo. Majibu mengine ni mafupi, mengine nimeyarefusha kwa makusudi, kwani kuna vita ambavyo ukivipita mbiombio historia yote inakuponyoka. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: India haikutekwa kwa ushujaa wa Wazungu wachache. Ilitekwa kwa mikono ya askari wa Kihindi, waliolipwa kwa kodi ya wakulima wa Kihindi. Kila vita utakavyosoma hapa chini, jiulize mishahara ilitoka wapi.

Waingereza walikwenda India kupigana?

Hapana, walikwenda kununua. Malkia Elizabeth I aliipa hati Kampuni ya India Mashariki tarehe 31 Desemba 1600. Lengo la kwanza lilikuwa viungo, lakini Waholanzi walikuwa wameshavidhibiti visiwa vya viungo huko mashariki, kwa hiyo Kampuni ikageukia nguo za pamba za India: bafta, melimeli na nyinginezo zilizokuwa zikisifiwa duniani kote. Balozi Thomas Roe alifika mbele ya Mfalme Jahangir wa Wamughal, ukoo uliotawala sehemu kubwa ya India wakati huo, mwaka 1616 akiwa mwombaji wa ruhusa ya biashara. Taratibu Kampuni ikapata vituo vyake: Surat, kisha Madras mwaka 1639, Bombay iliyokuja na bibi harusi wa Kireno wa Mfalme Charles II, na Calcutta mwaka 1690.

Walipojaribu kutumia nguvu mapema, kiliwatokea puani. Mwaka 1686 walianzisha vita dhidi ya Mfalme Aurangzeb, wakapigwa, wakaomba radhi na kutozwa faini. Kwa hiyo si kweli kwamba bunduki za Kizungu ziliishinda India siku ya kwanza tu. Miaka mia moja na zaidi ilipita Kampuni ikiwa mgeni mwenye adabu.

Basi nini kilibadilika?

Mambo mawili. Aurangzeb alifariki mwaka 1707 na dola ya Wamughal ikaanza kumeguka. Magavana wa majimbo, kama nawabu wa Bengal na nizamu wa Hyderabad, wakawa watawala wanaojitegemea kwa vitendo, huku wakimtaja mfalme wa Delhi kwa heshima tu. Mwaka 1739 Nadir Shah wa Uajemi aliingia Delhi, akaua maelfu na kuondoka na hazina. Baada ya hapo kila mtu alijua kwamba katikati hapana nguvu.

La pili lilitokea kusini. Waingereza na Wafaransa walikuwa wakipigana Ulaya, na vita vyao vikahamia pwani ya Madras. Mwaka 1746, kando ya mto Adyar, kikosi kidogo cha Wafaransa pamoja na Wahindi waliofunzwa gwaride la Kizungu kilitimua jeshi kubwa la nawabu wa eneo hilo. Hapo Dupleix, gavana wa Kifaransa, alitambua jambo ambalo Waingereza nao walilidaka upesi: mkulima wa Kihindi akipewa bunduki nzuri, mazoezi ya kila siku na mshahara usiochelewa, anakuwa askari wa kiwango cha Ulaya kwa gharama ndogo. Wafaransa walivunjwa nguvu Wandiwash mwaka 1760. Kilichobaki kilikuwa swali la fedha tu: nani atapata za kutosha kulipa askari hao wengi?

Vita vya Plassey vilikuwa nini hasa?

Ukipima kwa damu iliyomwagika, vilikuwa vita vidogo mno. Tarehe 23 Juni 1757, katika bustani ya miembe karibu na kijiji cha Palashi, Bengal, Robert Clive, kamanda wa Kampuni, alikuwa na askari wapatao 3,000, theluthi mbili yao wakiwa Wahindi. Mbele yake alisimama Nawabu Siraj ud-Daulah, kijana wa miaka ishirini na kitu, na jeshi linalokadiriwa kufika 50,000. Mchana mvua kubwa ilinyesha. Waingereza walifunika baruti yao kwa maturubai. Ya nawabu ikalowa. Mir Madan, kamanda wake mwaminifu, alipigwa na mzinga akafa. Jioni nawabu alikuwa amekimbia, na upande wa Kampuni waliouawa walikuwa watu 22.

Siri ya matokeo hayo haikuwa uwanjani. Sehemu kubwa ya jeshi la nawabu ilisimama ikitazama tu, kwa sababu kamanda wake, Mir Jafar, alikuwa ameshakubaliana na Clive. Mapatano yalijulikana vizuri kwa familia ya Jagat Seth, matajiri wa fedha wa Murshidabad waliokuwa wakikopesha watawala na kushughulikia kodi ya jimbo zima. Siraj aliwatukana na kuwatisha. Wao wakaamua aondoke. Kampuni ilikuwa panga lililokodiwa, na mwenye panga akabaki na nyumba.

Siku chache baadaye Siraj alikamatwa na kuuawa, Mir Jafar akawekwa kitini, na hazina ya Murshidabad ikafunguliwa. Clive mwenyewe alijichukulia pauni 234,000, utajiri wa kutisha kwa zama zile. Katika Kibengali, hadi leo, kumwita mtu Mir Jafar ni kumwita msaliti. Mimi naona lawama hiyo inamwangukia yeye peke yake kupita kiasi. Walioandika hesabu na kutoa fedha walikuwa wengi.

Kwa nini baadhi ya wanahistoria husema Buxar ni muhimu kuliko Plassey?

Kwa sababu Buxar vilikuwa vita vya kweli. Mir Jafar alishindwa kulipa ahadi zake, akaondolewa. Mkwewe Mir Qasim akawekwa mahali pake. Huyu alikuwa mtawala makini. Aliona watumishi wa Kampuni wakipitisha bidhaa zao binafsi bila ushuru, huku wafanyabiashara wa Kibengali wakitozwa na kufilisika. Alipolalamika bila kusikilizwa, alifuta ushuru kwa wote. Kampuni ikakasirika, vita vikaanza.

Tarehe 22 Oktoba 1764, huko Buxar kando ya mto Ganga, Hector Munro, kamanda wa Kampuni, akiwa na watu 7,000 hivi alipambana na majeshi ya watatu: Mir Qasim, Shuja ud-Daulah, nawabu wa Awadh, jimbo la kaskazini mwa India, na Mfalme Shah Alam II mwenyewe. Kampuni ilishinda kwa mapigano makali. Safari hii hapakuwa na bustani ya mapatano ya siri. Aliyeshindwa alikuwa mfalme wa Wamughal.

Mwaka uliofuata, mnamo Agosti 1765, Shah Alam aliipa Kampuni haki ya kukusanya kodi za Bengal, Bihar na Orissa, naye akaahidiwa rupia laki 26 kwa mwaka. Haki hiyo iliitwa diwani. Kwangu mimi hii ndiyo siku kubwa kuliko zote katika historia hii, na hakuna risasi iliyopigwa. Kabla ya hapo Kampuni ilileta fedha kutoka Ulaya ili kununua nguo za India. Baada ya hapo ilinunua nguo za Wabengali kwa kodi ya Wabengali wenyewe, na kwa kodi hiyohiyo ikaajiri askari wa kwenda kupiga majimbo mengine.

Wananchi wa Bengal walipata nini?

Walipata njaa. Mvua zilishindwa, na mwaka 1770 watu walikufa barabarani. Makadirio ya wakati ule yalisema theluthi ya wakazi walipotea; wanahistoria bado wanabishana juu ya hesabu hiyo, lakini hakuna anayebisha kwamba walikuwa mamilioni. Linalonichoma moyo ni barua ya Gavana Warren Hastings kwa wakurugenzi wake London, mwaka 1772. Ndani yake aliwaarifu kwamba makusanyo ya kodi ya 1771 yalizidi hata yale ya 1768, mwaka wa kabla ya njaa. Waliobaki hai walilipishwa sehemu ya waliokufa.

Panipat je? Mbona jina hilo linarudi mara tatu?

Panipat ni mji wa kaskazini mwa Delhi, kwenye njia ya kila jeshi lililotoka Afghanistan. Mwaka 1526 Babur aliwashinda Walodi, masultani wa Delhi, hapo na kuanzisha dola ya Wamughal. Mwaka 1556 jeshi la mjukuu wake Akbar likamshinda Hemu, aliyekuwa ameiteka Delhi. Tarehe 14 Januari 1761 Ahmad Shah Durrani wa Afghanistan akawaangamiza Wamaratha, dola ya Wahindu kutoka magharibi mwa India, kwa vifo vya makumi ya maelfu. Waingereza hawakuwepo, ila walifaidika sana: nguvu pekee iliyoweza kurithi Delhi ilidhoofishwa katika miaka ileile Kampuni ilipokuwa ikijijenga Bengal.

Nani aliwasumbua Waingereza kuliko wote?

Haidar Ali na mwanawe Tipu Sultan, watawala wa Mysore kusini mwa India. Vita vyao na Kampuni vilikuwa vinne, kati ya 1767 na 1799. Haidar aliwahi kufika mlangoni mwa Madras na kuwalazimisha Waingereza kusaini amani. Tarehe 10 Septemba 1780, huko Pollilur, baba na mwana waliizingira kolomu ya Kanali Baillie. Makombora ya Mysore, mabomba ya chuma yaliyojazwa baruti na kufungwa kwenye mianzi, yaliwasha magari ya risasi, na kikosi chote kikamalizwa. Aliyekuwa karibu lakini akashindwa kumwokoa Baillie alikuwa Hector Munro yuleyule wa Buxar. Alitupa mizinga yake kwenye birika la hekalu akarudi Madras mbio.

Tipu alielewa kilichokuwa mbele yake. Alijenga viwanda vya silaha, akakusanya kodi kwa nidhamu, akafungua nyumba ya biashara Muscat, na kutafuta ushirika na Wafaransa na Waturuki. Lakini Kampuni ilikuwa na Bengal nyuma yake, pamoja na nizamu wa Hyderabad ubavuni. Mwaka 1792 alipokonywa nusu ya nchi na wanawe wawili wakachukuliwa mateka. Tarehe 4 Mei 1799 mji wake mkuu, Srirangapatna, ulivamiwa na Tipu akafa akipigana langoni. Aliyeongoza uvamizi, David Baird, aliwahi kufungwa mjini humo baada ya Pollilur. Makombora yaliyotekwa yalipelekwa Uingereza, yakachunguzwa, na William Congreve akatengeneza ya Kiingereza kwa kufuata mfano huo.

Kuna wanaomkumbuka Tipu kama shujaa tu, na wengine kama mtesaji wa jamii za Coorg na Malabar. Yote mawili yana ushahidi wake, na mwanafunzi asikubali kuambiwa achague moja.

Wamaratha walishindwaje baada ya kujijenga upya?

Kwa mgawanyiko na kwa noti za mshahara. Mahadji Scindia, mmoja wa wakuu wa Wamaratha, alikuwa amejenga jeshi la kisasa lenye maofisa wa Kizungu na mizinga bora. Vita vilipoanza mwaka 1803, Kampuni ilitangaza kwamba Mwingereza yeyote anayemtumikia mrithi wake, Daulat Rao, akihama atalipwa. Wengi wakahama. Hata hivyo, tarehe 23 Septemba 1803 huko Assaye, wapiga mizinga wa Kimaratha walisimama imara hadi wakafa kando ya mizinga yao, na Arthur Wellesley alipoteza zaidi ya watu 1,500 kati ya waliouawa na kujeruhiwa. Huyu ndiye baadaye aliyemshinda Napoleon Waterloo, na uzeeni alipoulizwa pigano lake bora, alitaja Assaye. Mwezi huohuo Delhi iliingia mikononi mwa Kampuni. Vita vya mwisho, 1817 hadi 1818, vilimwondoa Peshwa, kiongozi mkuu wa Wamaratha.

Katika vita hivyo kuna pigano la Koregaon, tarehe 1 Januari 1818. Upande wa Kampuni walikuwepo Wamahar wengi, watu waliohesabiwa wasioguswa chini ya Peshwa. Ambedkar, kiongozi aliyetoka katika jamii hiyo, alizuru mnara wao mwaka 1927, na hadi leo maelfu ya Wadalit, jina la leo la waliohesabiwa wasioguswa, hukusanyika hapo kila mwaka mpya. Kwa hiyo tunapouliza kwa nini Wahindi waliipigania Kampuni, tukumbuke kwamba wengine walikuwa wakimpiga bwana waliyemjua vizuri zaidi.

Je, nchi zote zilichukuliwa kwa vita?

La. Nyingi ziliingia kwa mkataba. Gavana Mkuu Richard Wellesley, kaka yake Arthur, alimwambia mtawala: tutakulinda, ila utatunza jeshi letu kwa gharama yako. Mtawala akichelewa kulipa, anatoa ardhi. Hyderabad iliingia hivyo mwaka 1798, Awadh ikakatwa nusu mwaka 1801. Baadaye Gavana Mkuu Dalhousie aliongeza lake: mtawala akifa bila mtoto wa kumzaa, nchi inakwenda kwa Kampuni hata kama amemrithisha mtoto wa kupanga. Satara, Nagpur na Jhansi zilimezwa hivyo.

Na Masingasinga wa Punjab?

Ranjit Singh alijenga dola yenye nguvu kiasi kwamba Kampuni haikuigusa hadi alipofariki mwaka 1839. Kisha baraza lake likaanza kuuana. Vita vya kwanza, 1845 hadi 1846, viliamuliwa Sobraon, ambako makamanda wawili wa Masingasinga, Lal Singh na Tej Singh, wanatuhumiwa kuwauza askari wao. Vita vya pili vilianza 1848. Chillianwala, Januari 1849, Waingereza walipata hasara kubwa hata London ikashtuka, lakini mwezi uliofuata walishinda Gujrat na Punjab ikatwaliwa. Mfalme Duleep Singh, mtoto wa miaka kumi, alisainishwa hati ya kuacha nchi yake pamoja na almasi ya Koh-i-Noor, ambayo leo imo katika taji lililohifadhiwa Mnara wa London.

Kashmir, iliyokuwa sehemu ya dola hiyo, Waingereza waliitwaa mwaka 1846 na kumuuzia Gulab Singh wa Jammu kwa rupia laki 75. Tutarudi kwake.

Mwaka 1857 kulitokea nini?

Mashine yenyewe iligoma. Kampuni ilikuwa na askari wa Kihindi zaidi ya 200,000 na Wazungu 40,000 hivi. Jeshi la Bengal liliajiri hasa kutoka Awadh, na Awadh ilikuwa imetwaliwa mwaka 1856 kwa kisingizio cha utawala mbovu. Kila askari alikuwa na nyumba, shamba na ndugu huko. Tayari walilalamikia posho na amri ya kuvushwa bahari. Ndipo ukaja mfuko mpya wa risasi wa kung'atwa kwa meno, ukisemekana kupakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe, najisi kwa Mhindu na kwa Mwislamu.

Mangal Pandey aliwashambulia maofisa wake Barrackpore mwezi Machi, akanyongwa. Huko Meerut, askari 85 waliokataa risasi hizo walitiwa pingu mbele ya wenzao. Kesho yake, tarehe 10 Mei, wenzao waliwafungulia, wakaua maofisa na raia wa Kizungu, wakaelekea Delhi kumtangaza Bahadur Shah Zafar, mfalme mzee aliyekuwa mshairi kuliko mpiganaji. Moto ukaenea Kanpur, Lucknow, Jhansi. Kanpur waasi waliwaua wanawake na watoto wa Kiingereza. Waingereza walilipiza kwa kuchoma vijiji na kuwafunga watu midomoni mwa mizinga. Rani Lakshmibai wa Jhansi, aliyenyang'anywa nchi kwa sheria ya Dalhousie, alikufa vitani karibu na Gwalior Juni 1858.

Walishindwa kwa nini? Majeshi ya Madras na Bombay kwa sehemu kubwa hayakuasi, na watawala wakubwa kama nizamu walibaki na Kampuni. Delhi ilirudishwa Septemba 1857 kwa msaada mkubwa wa askari wa Punjab, nchi iliyotekwa miaka minane tu nyuma na jeshi lilelile la Bengal. Zafar alihamishiwa Rangoon na kufia huko mwaka 1862. Kampuni ilivuliwa madaraka mwaka 1858, India ikawa chini ya Malkia Victoria moja kwa moja. Kuanzia hapo askari wa Kihindi walinyimwa karibu mizinga yote, na idadi ya Wazungu jeshini ikaongezwa.

Lakini Waingereza walijenga reli, sivyo?

Walijenga. Treni ya kwanza ya abiria ilitoka Bombay kwenda Thane tarehe 16 Aprili 1853. Wenye hisa wa Uingereza walihakikishiwa faida ya asilimia 5, na reli isipozalisha kiasi hicho, mlipa kodi wa India alifidia. Dadabhai Naoroji, mwanasiasa wa Kihindi, alitumia miaka mingi kuonyesha kwa takwimu za serikali yenyewe jinsi mali ilivyokuwa ikivujia Uingereza. Na sensa ya kwanza ya India huru, mwaka 1951, ilikuta waliojua kusoma ni asilimia 18 hivi tu. Anayetaja reli ataje na hiyo.

Historia hii inaigusa vipi Afrika Mashariki?

Inaigusa moja kwa moja. Reli ya Mombasa hadi Kisumu ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi. Rupia ilitumika pwani na bara hadi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 ilitumika Tanganyika hadi 1961. Novemba 1914 kikosi cha askari wapatao 8,000 kilichotoka Bombay kilishuka Tanga na kufukuzwa na askari wa Wajerumani, wengi wao Waafrika, waliokuwa wachache mno kuliko wao.

Miaka 30 baadaye zamu ilikuwa yetu. Baada ya Wajapani kuzuiwa Imphal na Kohima, kaskazini mashariki mwa India, mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na nchi jirani, iliwafuata ndani ya bonde la Kabaw huko Burma katika mvua na malaria hadi mto Chindwin. Wazee wetu hao hawapewi nafasi inayowastahili vitabuni.

Kwa nini Waingereza waliondoka kwa haraka vile mwaka 1947?

Kazi ya Gandhi, Nehru na mamilioni ya raia ilikuwa imeuvunja uhalali wa utawala, hasa baada ya Amritsar, mji wa Punjab, ambako tarehe 13 Aprili 1919 Jenerali Dyer aliamuru risasi zipigwe katika uwanja uliozungukwa na kuta. Hesabu ya serikali ilikuwa 379 waliokufa, na Wahindi walisema zaidi. Njaa ya Bengal ya 1943 iliua watu wanaokadiriwa kufika milioni 3. Hata hivyo, utawala uliojengwa juu ya askari wa Kihindi na fedha za Kihindi uliishiwa na vyote viwili kwa pamoja. Vita vya Pili vilipokwisha, Uingereza ndiyo iliyokuwa ikidaiwa na India zaidi ya pauni bilioni moja. Na mwezi Februari 1946 mabaharia wa jeshi la majini waligoma Bombay, mgomo ukasambaa hadi Karachi na Calcutta.

Mountbatten, mwakilishi wa mwisho wa Mfalme wa Uingereza huko India, alitangaza mpango wa kugawa nchi tarehe 3 Juni 1947, uhuru ukaja katikati ya Agosti, na mstari wa mpaka ukachapishwa siku mbili baada ya sherehe. Watu milioni 14 au 15 walihama. Waliouawa hukadiriwa kati ya laki mbili na milioni mbili. Jeshi nalo liligawanywa, wenzi wa kambi moja wakaenda India au Pakistan. Mnamo Oktoba, Hari Singh, mtawala wa Kashmir wa ukoo wa Gulab Singh, alisaini kujiunga na India wakati wapiganaji kutoka upande wa Pakistan wakikaribia Srinagar. Vita vya kwanza vya nchi hizo mbili vilipoanza hapo, wakuu wa majeshi ya pande zote mbili walikuwa bado majenerali wa Kiingereza.